Sauti Iliyoingia Kwenye Katuni

Aline alimfinyanga bibi wa udongo, mdomo wake umefumbwa. Kwenye picha za simu, mdomo ulikuwa wazi.

Alidhani ni kivuli. Pale kijijini Kanazi alitengeneza katuni kwa kusogeza wanasesere kidogo kidogo na kupiga picha moja moja, mpaka wakaonekana wanatembea. Alipenda filamu za kutisha za zamani, zile ambazo wachache huzipenda hadi kuzikariri, na katuni zisizo na kichwa wala miguu, ambamo nyumba hulia na mbuzi huota meno ya watu. Shangazi yake Restuta, aliyemlea, alizitazama naye. "Madubwana yako yana huzuni, mwanangu," alikuwa akisema.

Shangazi alizikwa mwezi uliopita.

Alipoziendesha zile picha, harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka shangazi ikajaa chumbani mchana kweupe, na bibi wa udongo akageuka, mwendo ambao Aline hakuupiga picha, akaja mbele, akazidi kuja, mpaka uso wake ukajaa kioo kizima cha simu, na kutoka ndani ya ule mdomo ikakwaruza sauti aliyoijua, ikiomba maji kwa Kihangaza kama ilivyoomba siku ile nyuma ya ukuta: "Aline, amazi."

Fideli, mwana wa Restuta, alimkuta amejikunyata uani. Akamwita mama Febronia, anayeombea wenye mapepo.

"Shikamoo, mama," Fideli alimwamkia.

"Marahaba." Febronia aliisikiliza ile sauti mlangoni, kisha akanong'ona, "Huyu si Restuta. Aliyezikwa kwa misa harudi kuomba maji. Hili ni jini, limeazima sauti yake. Kuna neno mmelificha humu, na jini hili linajilisha kwa neno hilo. Litajeni."

Aline alitazama chini.

"Aliniita," alisema. "Nilikuwa napiga picha, nikaogopa mwanga utahama. Nikamwambia ngoja kidogo. Nilipokwenda, alikuwa ameshakata roho."

Ndani kitu kikapiga yowe refu. Febronia aliingia na rozari, akiomba kwa sauti, mpaka udongo ukapasuka na harufu ikakatika.

"Limetoka," alisema.

Fideli alikuwa bado amesimama palepale. "Uliniambia mama alilala tu, hakuamka," alisema taratibu. "Kumbe aliomba maji."

Akachukua jembe, akateremka migombani bila kugeuka. Nyumba ilitulia kabisa. Aline akakaa katika ukimya ule, akajikuta anatamani ile sauti irudi, imwite tena.