Yai la Kwapani

Kabla wageni hawajaanza kufurika, ilianza harufu. Etelka alidhani ni choo cha baa, maana baa yao ilikuwa ndani ya jumba bovu pale Budapest na mabomba yake yalikuwa yamechoka kama kuta zenyewe. Akamwaga dawa, akasugua, akapiga deki upya. Uvundo wa yai viza haukuondoka. Alipomkumbatia mumewe, Bálint, ndipo akajua unatoka kwapani kwake, na kwamba mkono ule wa kushoto hajaunyanyua siku nyingi.

"Nina jipu," Bálint akamwambia. "Usiguse."

Mimi niliishi juu yao, dirisha langu likitazama mtaani, kwa hiyo mengi niliyaona, na mengine Etelka alinisimulia. Baa ilikuwa imedoda. Watalii walipiga picha kasri na madaraja ya Danube, wakaenda kulewea baa nyingine, na Bálint alilia kama mtoto. Ghafla ikaja neema. Wajerumani wakaja, wakaja na Waingereza wanaomsindikiza mwenzao kuuaga ukapera huku wamemvika gauni, na mtaa wetu ukageuka beseni la matapishi. Asubuhi unaruka dimbwi hili, unakanyaga lile. Kinyaa kitupu.

Ila Bálint alikuwa anakauka, mashavu yameingia ndani.

Siku moja Etelka alimpelekea kahawa kitandani, akakuta kuku amekaa juu ya kifua cha mumewe, kuku asiye na unyoya hata mmoja, ngozi ya kijivu iliyolowa ute na kujaa vipele, mdomo ameuzamisha kwenye chuchu ya yule mwanamume anafyonza taratibu, anameza, anafyonza tena, mpaka aliponyanyua kichwa, damu ikimchuruzika shingoni, akauliza kwa sauti ya mtoto mwenye adabu:

"Nini tena?"

"Lete wengi," Bálint akanong'ona, hata macho hakufumbua.

Etelka alitapikia kikombe.

Mama mkwe wake, bibi Rozi, alikuja na treni kutoka kijijini. Alinusa mlangoni tu, akajua. Mwanawe alikuwa ameatamia kwapani yai la kwanza la kuku mweusi. Kinachoanguliwa humo si kuku bali jini, nalo humletea bwana wake anachotaka, na ujira wake ni mwili wa bwana huyo. Haliuawi. Huagizwa kazi isiyowezekana, na likishindwa haliruhusiwi kurudi. Tamaa mbele, mauti nyuma, bibi akasema, akampa kuku chekeche akachotee maji ya mtoni.

Kuku alirudi na chekeche imejaa pomoni. Matundu alikuwa ameyaziba kwa matapishi ya walevi.

"Nini tena?"

Bibi Rozi akakaa chini. Etelka ndiye aliyesema, mkono puani.

"Kalambe matapishi yote ya mtaa huu. Usirudi mpaka upite usiku mzima usikute hata tone."

Kuku akaondoka. Bálint akaanza kula, akanenepa, akacheka tena. Kila usiku, kelele za walevi zikitulia, nilisikia kitu kikilamba mawe ya barabara. Nikajifunika shuka kichwani, nikamshukuru Mungu kwa walevi.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Mipaka ikafungwa, baa zikafungwa, mtaa ukanukia mvua na mkate. Tulifurahi na kusahau, sote isipokuwa Etelka. Usiku ule wa kwanza nilimwona akishuka barabarani na gauni la kulalia, akainama, akatia vidole kooni, akatapika. Usiku wa pili hivyo hivyo. Nilipomuuliza, alinong'ona tu, "Mume wangu amelala, jirani. Amelala vizuri." Majuma yakapita, naye akabaki mifupa. Chakula hakikukaa tena tumboni, hata chai ilimshinda.

Usiku wa mwisho nilikuwa dirishani. Alipiga magoti, akaingiza vidole, akaingiza mkono karibu wote, mgongo ukimruka, akajikamua na kujikamua, na hakikutoka kitu, hata mate. Akabaki pale mpaka kulipopambazuka, barabara safi kabisa mbele yake.

Nyuma yake, kwenye ngazi za nyumba yetu, kitu kilicholowa kilikuwa kinapanda.

"Nini tena?" kikauliza.