Aliyekaa Kishimoni

Sauti ilimpa Torlaug neno kabla hajalisahau.

Lilikuwa onyesho la kwanza, ukumbi wa mji wa Tromsø, kaskazini ya mbali, umefurika, naye amesimama katikati ya jukwaa na shali ya mjane mabegani. Sentensi ilikuwa tayari ulimini mwake. Mara akaisikia ikinong'onwa kutoka kwenye kile kishimo cha mbele ya jukwaa, anamokaa mtu wa kuwakumbusha waigizaji maneno yao. Na pamoja na mnong'ono ikaja harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na ya sufu iliyolowa maji ya bahari.

Torlaug Eidnes hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alianza akiwa binti, akizunguka kwa boti na kikundi cha waigizaji kutoka kijiji hadi kijiji cha pwani. Halafu Oslo, halafu filamu, hata akawa hawezi kununua mkate bila watu kugeuza shingo. Lakini sasa uzee ulikuwa umeanza kumla kumbukumbu, naye alijua hivyo. Kwa hiyo pazia liliposhuka aliinama kwenye kile kishimo chenye giza akasema kwa moyo wote, "Asante, Gudny. Usiniache."

Kesho yake akampigia simu Gudny, mkumbushaji wao.

"Asante ya nini, bibi wewe?" Sauti ya Gudny ilikuwa imekauka. "Mimi niko kitandani na homa tangu juzi. Kishimo kilikuwa kitupu. Au umeanza kuzeeka vibaya?"

Wakacheka wote wawili. Torlaug alicheka kuliko mwenziwe.

Wiki hiyo hiyo akaja binti yake, Jorunn, kutoka Alta, na mimba ya miezi saba. Walikuwa hawajaishi chini ya paa moja tangu Jorunn akiwa msichana. Alipovua buti tu mlangoni alisema lililomleta.

"Nataka mtoto wangu awe na bibi. Lakini bibi wa kweli, mama. Tangu nikiwa mdogo unanijibu kwa maneno ya michezo yako. Nimechoka kulelewa na watu ambao hawapo."

"Nitajitahidi, mwanangu," Torlaug akasema, na hayo yalikuwa yake, Mungu ni shahidi.

Siku iliyofuata walikaa mezani, samaki wa kuchemsha na maini yake na viazi. Mchana ule nje kulikuwa giza totoro, maana huko jua hupotea wiki nyingi za majira ya baridi, na Januari ile lilikuwa halijarudi. Jorunn alikuwa akisimulia habari za mkunga wake. Torlaug akasikia baridi kwenye sikio la kushoto, akasikia harufu ile, na mnong'ono ukamjia wazi kabisa. Kinywa chake kikaupokea kama kilivyozoea kupokea kwa miaka arobaini.

"Mtoto huyo atakukimbia kama ulivyonikimbia mimi."

Jorunn akaweka uma chini. "Hayo ni ya mchezo gani?"

"Si yangu, Jorunn. Nakuapia si yangu."

"Ndiyo ninachosema siku zote. Hakuna kilicho chako."

Tangu hapo hakikukoma. Alikwenda bandarini kuigiza filamu, mahali pasipo na kishimo wala mtu wa kukumbusha, akatamka maneno ambayo hayakuandikwa popote, na mwongozaji akalia machozi, akamkumbatia, "Torlaug, unayatoa wapi haya?" Alitaka kumwambia. Ikamtoka shukrani nzuri yenye mzaha ndani yake, watu wakapiga makofi.

Basi akampigia simu Mzee Edvin wa Lyngen, ambaye watu wa kaskazini humwendea awasomee maneno ya kuzuia damu na kutoa vitu vya namna ile.

"Ulikishukuru?" mzee akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani ni Gudny."

"Nyinyi watu wa jukwaani mkitakiwa heri kabla ya onyesho si huwa mwiko kujibu asante? Na mimi pia, nikikusomea, hutakiwi kunishukuru, unajua. Vitu hivi ukivishukuru umeviajiri. Haya, nyamaza, nisome."

Akaanza kusoma, jina la Baba na la Mwana, polepole, na Torlaug akafumba macho akiomba pamoja naye. Katikati ya maneno mzee akakwama. Akarudi nyuma, akakwama tena palepale, na katika kile kimya Torlaug akasikia, ndani ya simu, upande wa pili kabisa, mnong'ono ukimpa mzee neno la kuendelea, na mzee akashusha pumzi kwa nafuu, akalichukua lile neno, na lile lililofuata, na yote yaliyofuata, wala hayakuwa tena maneno ya sala.

"Tayari, mwanangu," akasema kwa furaha. "Kimeondoka."

Jumamosi Jorunn akavaa koti, begi mkononi, teksi inanguruma nje kwenye theluji.

"Mama, nipe neno moja. Lako. Ukinipa, nabaki."

Torlaug alikuwa nalo. Lilikuwa neno maskini, lisilopendeza, kwamba anaogopa, kwamba ndani yake kuna mwingine, kwamba Jorunn akimbie na mtoto wake asirudi, na alilisukuma kwa nguvu zote kutoka kifuani mpaka kooni, lakini ukumbi mdogo wa mlangoni ukajaa ile harufu, na sikio likapoa, na mnong'ono ukaanza taratibu, mtamu, wa kinyonge, wenye kugugumia pale pale ambapo mama halisi angegugumia, na kinywa chake kikaufuata neno kwa neno, na machozi yakatoka kwa wakati wake.

Begi likaanguka.

"Hatimaye," Jorunn akalia shingoni mwake. "Hatimaye, mama. Huyu ndiye wewe."

Akaenda kumwambia dereva aondoke, akarudi, akamkalisha mama yake, akamshika mkono na kuuweka tumboni. Mtoto alikuwa akirusha mateke. Ubaridi ukatoka sikioni mwa Torlaug, ukateremka begani, ukafuata mkono mpaka kwenye vidole. Mateke yakakoma.

"Ona alivyotulia," Jorunn akanong'ona, akitabasamu. "Anakusikiliza unavyomwimbia."

Torlaug alikuwa amefunga kinywa.