Wageni Wasio na Mdomo

"Mama, ni wewe ulimtoa Nanjala kwa hii nyumba." Lennox aliniambia hivyo mbele ya watu wa kanisa, na mimi ndiye nilimzaa. Nikamwambia basi hao watu wasikie yote, si nusu. Na wewe msafiri pia sikia.

Nanjala ni bibi ya Lennox. Walihamia huku Kitengela kwa ploti yenye watu wote wanaenda Nairobi asubuhi wanarudi giza. Mimi nilikuja kukaa nao vile mguu ulianza kusumbua. Hakuna mtu alikuwa anagonga hiyo mlango. Nanjala alikuwa anapika ugali kubwa kama ya kwetu Bungoma, ya mgeni akitokea, halafu anaishia kumwagia kuku ya jirani.

Sasa kule nyuma kuna nyumba ndogo ya mawe, ya mchoraji. Alikufa, watu wake wakaacha picha zake hapo watu wakuje waone. Huyo mzee alikuwa anachora ndoto. Ng'ombe iko na dirisha kwa tumbo. Mwanamke amebeba mlima kwa mgongo kama mtoto. Siku tulienda tulikuwa sisi wawili tu, na dada wa kufungua mlango. Nanjala akasimama kwa picha ya mwisho: watu wameketi kwa meza, wamevaa vizuri, macho iko, pua iko, mdomo hakuna. Ngozi tu. Alikaa hapo mpaka mguu wangu ukauma. Tukitoka akawageukia, akasema polepole, "Asanteni. Na nyinyi mtufikie."

Kwetu ukikaribishwa vizuri lazima useme hivyo. Lakini huambii picha.

Wiki haikuisha, nyumba ikaanza kunuka rangi mbichi na hakuna mtu amepaka kitu. Kiti unaketi, unapata ina joto. Mboga unatia chumvi, ikifika kwa meza haina ladha, ni kama utamu umeshakuliwa ukaachwa mwili. Na Nanjala akaanza kucheka jikoni mchana, kicheko ya mtu anapewa habari za kwao, na mimi nikinyamaza nisikie ni nani anamwambia sisikii sauti ya mtu yeyote, nasikia pumzi tu, ya watu wengi, inaingia kwa pua, inatoka kwa pua.

Nikamuuliza ni akina nani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, usiwaaibishe. Ndio watu wanakujaga kuniona."

"Hayo ni majini, mwanangu."

"Hata kama."

Akakonda mpaka nguo ikawa inamtoka mabegani. Lennox nikimwambia, anasema ni mawazo tu. Mimi niliona tunamzika. Pasta akakuja, akawapigia kelele watoke, na kesho yake harufu ikazidi. Hapo ndipo nikajua: mgeni hafukuzwi. Mgeni anasindikizwa. Nikamwambia Nanjala ajifunge leso, awashukuru, awapeleke njia. Ni mzazi gani angesema tofauti? Akalia kidogo, akafungua mlango, na mimi nikasimama kwa geti nikimwona anatembea pole pole, anapinda kichwa huku na huku vile mtu anasikiliza wakubwa, na ile harufu ikatoka kwa nyumba ikamfuata kama moshi, na mimi nikashukuru Mungu, nikaenda kuweka chai, nikangoja arudi.

Lakini unajua mwenye kusindikiza harudi tu hivyo. Ni mgeni anasimama anasema, hapa imetosha, rudi sasa. Na hao watasema na nini?

Parmuat, mzee wa ng'ombe anatuletea maziwa, alimwona upande wa Kona Baridi. Alimsalimia kwa Kimaasai, sopa, hakujibu. Akasema ng'ombe zake ziligawanyika katikati ya barabara, zikaacha nafasi kubwa kuliko ya mtu mmoja.

Siku hizi Lennox hanisalimii. Nyumba hainuki kitu. Mboga iko na chumvi, nakula peke yangu. Sasa wewe unatembea huko Kajiado, Kimana, Ewuaso. Ukipata mwanamke mwembamba anatembea pole pole na hakuna mtu kando yake, usimguse, usimuulize jina. Mwambie tu, "Hapa imetosha, rudi sasa." Na kama hukumpata, ambia mwenye anaenda mbele zaidi.