Dorice Alivyoinywa Juisi ya Agape

Funda la kwanza lilipita.

La pili likagoma. Likakaa kooni kama mlenda uliopoa...

Dorice alipoishusha ile chupa, kitu kirefu cheupe kikavutika kutoka kwenye chupa hadi kwenye midomo yake. Kikaning'inia. Hakikukatika.

Watoto wote ndani ya basi wakamkodolea macho.

Halafu Jeniffer, kabinti ka chekechea kanakokaa siti ya mbele, kakasema kwa upole tu:

"Anti, umekunywa mate yetu."

Jamani, kama unasoma huku unakula, weka kijiko chini kwanza. Mimi niliyesimuliwa tu nilishindwa kumaliza chai yangu.

Sasa tulieni niwaeleze tulifikaje hapo.

Dorice alikuwa anti wa basi la shule moja binafsi hapa Mpanda mjini. Jina la shule nalihifadhi, tusije tukatafutana. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha watoto asubuhi, kuwashusha jioni, kuangalia nani katoa kichwa dirishani, na kuwafuta makamasi wale wadogo.

Mshahara wenyewe ulikuwa wa kuungaunga. Lakini kuna kitu alikishikilia kwa mikono miwili: mtoto wake wa pekee, Klementina, alisoma pale bure kwa sababu mama yake ni mfanyakazi. Yuko darasa la saba, mtihani wa taifa uko mlangoni. Dorice akipoteza basi, amepoteza na shule ya mwanawe.

Basi lake lilikuwa na sheria mbili, na alizitunga mwenyewe.

Ya kwanza: chakula cha mama hakirudi nyumbani.

Mnawajua akina mama wa mtaa wa Makanyagio. Mtoto akishuka tu, hata hajaulizwa habari za shule, hotpoti inafunguliwa hapo hapo barabarani. Kikikutwa chakula, lawama zote kwa anti, eti watoto hawapewi muda wa kula. Dorice alichoka kusemwa. Akaamua kila mtoto amalize kilichobaki ndani ya basi, kabla ya kushuka. Na aliyekuwa akipita siti kwa siti kukagua hotpoti na chupa ni Klementina, kiranja wa basi.

Sheria ya pili: mdogo anamwamkia mkubwa, na mdogo hamsemi mkubwa.

Ukienda kwa Dorice unalia kwamba dada fulani kakufinya, unaulizwa kwanza wewe ulimkosea nini. Watoto walijifunza upesi. Na basi likasifika mji mzima. Wazazi wakawa wanasema watoto wa Anti Dorice wana adabu mpaka mbuzi wanapigiwa shikamoo.

Klementina ndiye aliyekuwa kinara wa adabu hiyo. Goti linakunjwa kidogo, macho chini, sauti nyororo. Akina mama wenzake Dorice walikuwa wanatamani wamzae wao.

Haya. Sasa kuna Agape.

Agape ni wa darasa la kwanza, kaumbo kadogo, masikio makubwa. Mama yake anauza vitenge sokoni, na kila asubuhi kabla hajatoka anamtengenezea juisi ya ukwaju, anamjazia kwenye chupa yake.

Tangu muhula uanze, Agape alikuwa haitaki hiyo juisi. Jioni ndani ya basi anaikumbatia chupa, anageukia dirishani. Dorice akaona ni deko la mtoto wa mwisho. Akawa anamsimamia.

"Kunywa. Mama yako kaihangaikia."

Agape anakunywa, machozi yanamtoka. Siku akizidi ubishi, Dorice anamziba pua ili ishuke haraka. Na anamsifu akimaliza!

Nyumbani mtoto akawa anatapika. Mama yake akampeleka hospitali, mara malaria, mara taifodi, dawa juu ya dawa. Shingo ikabaki kama kijiti. Na kila asubuhi yule mama, kwa uchungu wa mwanawe, anaongeza sukari kwenye juisi ili apate nguvu.

Ndiyo ikafika siku hiyo. Agape kakaza meno kabisa. Dorice, kumwonyesha kwamba juisi ya mama haina ubaya, akaichukua chupa.

"Angalia, anti anakunywa."

Yaliyofuata mmeshayasoma.

Dorice alitapikia ngazi za basi mpaka akatoa maji ya njano. Bartolomeo, dereva, alisimamisha gari pembeni. Alicheka kwanza, ndipo akauliza kuna nini.

Dorice akawageukia watoto. Akauliza nani kaanzisha uchafu huo.

Wakatazamana. Ndipo Klementina akanyoosha mkono, taratibu, kama yuko darasani.

"Ni Innocent, anti."

Vichwa vyote vikaitikia. Ndiyo, ni Innocent.

Innocent ni wa darasa la nne, anatokea Katumba, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi, analelewa na babu yake. Basi zima lilikuwa linamwita mkimbizi, wakati yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa hapa mkoani Katavi. Akasimama kule nyuma.

"Nilitema, anti. Ila sikuwa peke yangu."

"Ulikuwa na nani?"

Akatazama sakafu. Mdogo hamsemi mkubwa. Si ndivyo alivyofundishwa?

Dorice akaona huyo ndiye, na kiburi juu. Wakashusha wengine, wakashika barabara ya Katumba, na kabla ya kufika kijijini Bartolomeo akafunga breki. Akasema mtoto kama huyo atembee, akili imkae. Dorice ndiye aliyefungua mlango. Mtoto wa darasa la nne akaachwa kwenye vumbi, na malori ya tumbaku yanapita. Babu yake alikutana naye njiani giza limeshaingia, anatembea ndani ya mtaro kwa kuogopa magari.

Nilipofika hapa kwenye simulizi hii nilitaka kumtukana mtu. Ngoja, bado.

Shule ikamsimamisha Innocent mpaka kikao cha wazazi cha Jumamosi. Kila mtu akajua kwenye kikao anafukuzwa.

Ijumaa, Dorice akanunua machungwa, akamchukua Klementina, wakaenda Makanyagio kumpa pole Mama Agape. Walipokelewa vizuri. Wageni wakawekwa kwenye kochi, mama wa watu akaleta juisi kwenye sinia.

Agape akatokea chumbani. Akamwona Klementina.

"Shikamoo dada," akasema.

Kabla mtu hajaongea neno, mtoto akaiendea sinia. Akachukua glasi. Akaziba pua yake kwa vidole vyake mwenyewe, akainywa yote kwa mkupuo. Halafu akamsogelea Klementina, akafungua mdomo wazi, akatoa ulimi nje, akamwonyesha kwamba imeisha.

Mama yake akacheka. Akasema jamani afadhali, siku hizi anajitahidi kunywa.

Hapo Dorice akaelewa mtoto huyo anamwogopa nani. Klementina alikuwa anamtazama yule mtoto na kutabasamu, kwa adabu zake zote.

Walipotoka, Dorice alimvuta mwanawe nyuma ya kibanda cha fundi cherehani kilichofungwa.

"Ni wewe."

Klementina hakubisha. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Dorice kuliko yote.

Akaeleza vizuri kabisa, kama anasoma ripoti. Kwamba Agape anaringa na juisi yake kila siku, wakati yeye anaondoka nyumbani na maji ya bomba. Kwamba akichukua chupa kuikagua, wakati mama yake yuko mlangoni anawashusha wengine, anaipitisha siti ya nyuma, kila mmoja anatema, anatikisa. Asiyetema anasemwa kwa anti kwamba hana adabu. Innocent alikataa siku nyingi sana, mpaka alipoambiwa atashushwa kwenye basi. Akatema siku hiyo moja tu.

Mtoto alitema ili asishushwe. Na wakamshusha.

"Klementina, wewe una roho gani? Mtoto mdogo vile unamnywesha mate?"

Binti akamtazama mama yake machoni. Kwa mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa.

"Mimi nilikuwa naweka tu, mama. Aliyekuwa anamnywesha ni wewe."

Mkono wa Dorice ulikuwa umeshapanda kumpiga kibao. Ukaishia hewani. Angempigaje kwa neno la kweli?

Jioni ile ile alikwenda kwa mkurugenzi wa shule, akamwaga yote. Nyie mnadhani mkurugenzi alishtuka? Alifunga mlango, akamfungulia soda.

"Mama Klementina, mkosaji ameshapatikana. Yule mzee wa Katumba hana wa kumsemea. Wewe una kazi, binti ana mtihani. Kwa nini ujichome?"

Na Dorice... aliinywa ile soda. Aliinywa, jamani, na hii ilishuka bila kukwama.

Mimi kwa kweli hapo ndipo nilipomchukia. Uchafu wa watoto unaoshwa kwa maji na fimbo mbili. Huu wa watu wazima waliovaa suti na kuchomekea, unaoshwa na nini?

Jumamosi ukumbi ukajaa. Wazazi wanafoka, wengine wanaziba midomo kwa leso kama wanasikia harufu. Mama Agape kakaa mbele na mwanawe mapajani. Dorice kakaa ukutani, Klementina pembeni yake, sare imenyooshwa. Dorice alikuwa ameamua. Angekaa kimya.

Akaitwa Mzee Dieudonne, babu yake Innocent. Watu walitarajia atabisha. Akatoka mbele na kofia mkononi, kamshika mjukuu bega. Hakubisha hata kidogo. Alimgeukia Mama Agape.

"Mama, mjukuu wangu ametema mate kwenye chakula cha mtoto wako. Amenikubalia mwenyewe. Kwetu hilo ni kosa kubwa sana. Nimemchapa. Nimekuja kuomba radhi kwa ajili yake na kwa ajili yangu."

Na yule mzee, mwenye mvi kichwa kizima, akaanza kupiga magoti. Goti moja likafika chini. Innocent akapiga la kwake, na watu wakaona viganja vyake vilivyovimba kwa fimbo.

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni! Alikuwa anajua kila kitu.

Dorice alisema baadaye kwamba ile sura ya mkurugenzi ndiyo iliyomwinua. Ilimchefua kuliko ile chupa. Akajiona na yeye ana sura hiyo hiyo.

"Mzee, simama," akasema. "Huyo wako alitema mara moja, tena kwa kutishwa. Aliyeanzisha ni wa kwangu, huyu hapa. Na aliyekuwa anamziba pua Agape mpaka anywe ni mimi. Mkurugenzi anajua tangu jana."

Ukumbi ulipasuka. Mkurugenzi akasema huyu mama kachanganyikiwa. Klementina akajaribu kuanguka magotini na kulia, na nakwambia alilia vizuri, hata baadhi ya akina mama wakamwonea huruma. Lakini watoto wa siti ya nyuma waliokuja na wazazi wao wakaanza kusema mmoja mmoja. Ni dada Klementina. Ni dada Klementina.

Mama Agape alimbeba mwanawe mgongoni ingawa ameshakuwa mkubwa, akaenda mpaka aliposimama Dorice. Akamtazama usoni. Halafu akatema mate sakafuni, karibu na miguu yake, akatoka.

Dorice hakusogeza mguu.

Kazi iliishia hapo hapo. Klementina akahamishiwa shule ya serikali, anakwenda kwa miguu. Innocent alirudi kwenye basi, na mkurugenzi alimpokea mbele ya wazazi akitabasamu, mkono begani, picha zikapigwa. Agape anapona, ila mpaka leo mama yake akimpa kikombe anauliza kwanza nani mwingine kakishika.

Ndugu zangu mnaosoma, mtoto anayekataa kitu analia, usikimbilie kusema anadeka. Muulize, halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Na ukimfundisha mtoto wako kwamba mdogo hamsemi mkubwa, ujue umempa mkubwa mmoja mwovu ruhusa ya kufanya anachotaka, na umewafunga wengine wote midomo.

Siku hizi Dorice anauza maandazi karibu na kituo cha mabasi. Klementina humsaidia jioni. Mteja akija, binti anakunja goti, anainamisha macho, anasema shikamoo kwa ile sauti yake nyororo. Na watu wanamwambia Dorice: hongera mama, umelea.

Dorice anaitikia asante. Halafu, kabla ya kunywa maji yake, anachungulia kwanza ndani ya kikombe.