Mtoto Aliyefunzwa Kujificha

Wazazi wenzangu wa kijiji chetu cha Lauvli, nyumba ninayoisema mnaijua. Ni ile nyekundu mwisho wa barabara, iliyopakana na msitu, anakoishi Ingunn na mumewe Torbjørn, dereva wa lori la magogo, pamoja na binti yao Tuva. Sisemi ili kumwaibisha mtu. Ingunn mwenyewe ndiye aliyeniambia nisimulie.

Asubuhi moja ya Oktoba mambo yalianza kwa utulivu. Uji ulikuwa mezani, jiko la kuni limeshika moto, na Tuva, mwenye miaka mitano, amekaa dirishani na kishikwambi mapajani. Nje, watoto wa chekechea ya msituni, wanaoshinda nje hata mvua inyeshe, walikuwa wakipita kwa mstari, wamevaa mabuti na makoti ya mvua. Mbele yao alikuwa mwalimu wao Gudveig, na sufuria kubwa imening'inia mgongoni mwake.

"Mama, leo wanaenda wapi?"

"Wanaenda kulowa. Kula uji."

Mpaka mwezi wa nne, Tuva naye alikuwa kwenye mstari ule. Siku moja akichonga fimbo, kisu kikateleza, kidole kikashonwa nyuzi tatu. Ingunn alimfuata Gudveig siku hiyo hiyo.

"Mtoto mdogo hivi unampa kisu?"

"Nilimpa, na nilikaa ubavuni pake. Ingunn, kidole kitapona. Usimwondoe kwa sababu ya hili."

"Unasema hivyo kwa kuwa si wako."

Tangu hapo Tuva akawa wa ndani. Kazi ya Ingunn ni kupokea simu za wateja wa umeme, na huifanya nyumbani, kwa hiyo mtoto alishinda mbele ya kioo cha kishikwambi kuanzia asubuhi hadi jioni. Yule aliyekuwa akikwea miti akaanza kulia upepo ukivuma. Ngazi za nyumba yao wenyewe hashuki mpaka ashikwe mkono. Torbjørn alilalamika mara mbili tatu, akajibiwa, "Acha aogope, mradi ni mzima," naye akanyamaza. Hapo Torbjørn pia alikosea, na analijua hilo.

Basi asubuhi ile Ingunn alitoka kuchukua kuni, akarudi mikono imejaa, akasahau kufunga mlango kwa ufunguo. Upepo wa usiku ulikuwa umekata umeme kijiji cha jirani, na simu hazikukoma. Alipoinuka mezani ilikuwa saa sita. Kishikwambi kilikuwa dirishani, kinaongea peke yake. Mabuti ya Tuva yalikuwa mlangoni. Koti lilikuwa kwenye msumari.

Aliita katika vyumba vyote. Akatoka nje, akaona kwenye matope alama za soksi ndogo zikielekea msituni, kwenye njia waliyopita wale watoto. Nyayo zilikwenda hatua ishirini hivi, kisha zikapotea kwenye majani makavu.

Saa saba watu kumi na watano walikuwa msituni. Saa nane wakawa arobaini. Polisi walisema mbwa wa kunusa watatoka mbali, wasingefika kabla ya giza. Gudveig alipigiwa simu, lakini huko msituni haikushika. Mvua nyembamba ilianza kunyesha, ikichanganyika na theluji. Kila upande ulisikika wito mmoja: "Tuva! Tuva!" Sauti za wanaume, sauti za wanawake, sauti ya baba yake iliyokwisha kukauka.

Ingunn alikuwa akiita nao. Halafu, katikati ya miti, alisimama ghafla. Alikumbuka maneno yake mwenyewe, aliyoyarudia jioni nyingi akimfunika Tuva blanketi. Akatazama watu wote wale waliokuwa wakipaza sauti, na hakuthubutu kuwaambia. Alijiambia, labda amesahau. Labda hakunielewa. Akaendelea kuita, na nusu saa nzima ikapotea hivyo.

Saa tisa Gudveig alirudi na wanafunzi wake kwa njia ya upande wa pili, akaambiwa. Hakuuliza habari za nyayo. Alimwendea Ingunn moja kwa moja.

"Tuva alifundishwa kwangu kwamba akipotea akae penye mti mmoja na aitike. Watu wamepita kila mahali na haitiki. Umemwambia nini baada ya kumwondoa?"

"Sijamwambia kitu."

"Ingunn, zimebaki saa mbili giza liingie."

Torbjørn alikuwa amesimama karibu, maji yakimchuruzika usoni. Ingunn hakuweza kumtazama.

"Nilimwambia msituni kuna watu wanaoiba watoto," alisema. "Nilimwambia akiitwa nje, hata kwa jina lake, asiitike. Ajifiche, anyamaze mpaka waondoke."

 Torbjørn akageuka, akampa mgongo.

"Sasa nisikilizeni," Gudveig aliwaambia watu. "Rudini barabarani nyote, na mtu asiite tena. Ingunn, njoo na mimi."

Wakaingia wawili tu. Msitu ulikuwa kimya hata Ingunn akasikia theluji ikigusa majani. Gudveig alishika sufuria yake na mwiko wa mti.

"Supu ikiiva huwa nagonga mara tatu, na watoto wanajihesabu. Kila mmoja ana namba yake. Ya Tuva unaijua?"

"Hapana."

"Hukuwahi kumuuliza?"

Ingunn alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

Gudveig akagonga mara tatu. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliye jikoni, akahesabu: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita." Akanyamaza.

Kimya.

Walisogea mbele, akarudia. Kimya. Walivuka kijito, akarudia, na mikono ya Ingunn ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Mara ya tano, Gudveig aliposema sita, kutoka chini ya mizizi ya msonobari ulioanguka, hatua kumi tu kutoka njia waliyopita watu wale wote, kijisauti kikasema:

"Saba."

Alikuwa amekalia matawi ya msonobari, na sweta lake amelijaza majani makavu mpaka limevimba. Midomo ilikuwa ya buluu. Ingunn alimkumbatia, akamwingiza ndani ya koti lake.

"Mama," Tuva alisema akitetemeka, "nilitaka kuwafuata, nikawapoteza. Halafu watu wakaja kuniita, wengi sana. Sikumwitikia hata mmoja."

Alisema kwa fahari, kama mtoto anayengoja kusifiwa.

Alilazwa hospitali siku tatu. Daktari alisema majani yale na matawi yale ndiyo yaliyomhifadhi, na akauliza nani alimfundisha. Ingunn akamtaja Gudveig. Wiki mbili baadaye alimrudisha Tuva chekechea ya msituni, akakaa ndani ya gari mpaka saa nne, usukani mkononi, akijizuia asishuke kumchukua.

FUNZO

Wazazi wenzangu, tunaowafungia watoto ndani tunawapenda, hilo halina ubishi. Lakini mtoto mdogo huyajua mazingira yake kwa kuyachezea: kwa kuteleza, kulowa, kujikwaruza na kuinuka, akiwa na mtu mzima anayemtazama. Mchezo huo wa msituni ambao wengine mnauita uzembe ndio uliomfundisha Tuva kukalia matawi na kujaza sweta majani. Hofu ya mama yake ilimfundisha kuwanyamazia waliokuja kumwokoa. Mtoto hushika yote tunayompa, yenye faida na yenye madhara, wala hana namna ya kuyachambua. Wapelekeni watoto nje wangali wadogo. Na jioni wakirudi na matope, waulizeni walifanya nini huko, mkae muwasikilize.