Kinyume cha Tatu na Nne

Kila Alhamisi baada ya vipindi, wanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya Nzuguni hubaki kwenye klabu ya kompyuta. Kwanza hufagia chumba, maana vumbi la Dodoma haliheshimu mashine, kisha hukaa wawili wawili mbele ya kompyuta chache zilizopo. Mwalimu Ulimboka huwafundisha lugha ya kompyuta isiyoshughulika na namba moja moja. Ukiipa orodha nzima ya namba, huishika yote kwa mkupuo, na alama moja tu hutosha kuiagiza kazi.

Wiki iliyopita aliwaonyesha alama ya kinyume. Kinyume cha tatu ni theluthi, kwa sababu ukizizidisha unapata moja. Hilo kila mtu alilijua. Lakini mwalimu aliposema kwamba hata orodha ina kinyume chake, nyuso zilibadilika.

"Tumeelewana?" aliuliza mwishoni.

"Ndiyo, mwalimu," darasa zima likaitikia kwa pamoja, kama linavyoitikia kila siku, liwe limeelewa au halijaelewa. Loisi naye aliitikia, tena kwa sauti ya juu, ingawa hakuwa ameelewa hata chembe.

Mama yake Loisi, Evelina, alikuwa na shamba la zabibu nyuma ya nyumba, na majani yalikuwa yameanza kushika ukungu. Bwana shamba alikuja akachanganya dawa mwenyewe kwa kukadiria. Mara ya kwanza alitia vijiko kumi na sita kwenye ndoo tatu za maji, mara ya pili vijiko kumi na tisa kwenye ndoo nne. Kisha akasafiri kikazi na simu yake ikawa haipatikani. Sasa mama alitaka kujaza pipa zima, na kwa kuwa vipimo hivyo viwili havikulingana, hakujua atie vijiko vingapi kwa kila ndoo.

"Tumngoje arudi," alisema mama. "Dawa hii ni kali, naiogopa."

"Kompyuta itatuambia, mama," Loisi alijibu.

Alhamisi ile ile ya somo la kinyume, wenzake walipotoka, alibaki akaandika orodha ya ndoo, tatu na nne, akaweka alama ya kinyume, ili akikizidisha na vijiko apate kipimo cha ndoo moja. Kompyuta ikaleta 0.12 na 0.16. Loisi akashtuka. Theluthi na robo ziko wapi? Akaona mashine imekosea. Akafuta, akaandika theluthi na robo kwa mkono wake, akazidisha kila moja na vijiko vyake, akajumlisha. Jibu likawa kumi na kidogo. Angeweza kumwuliza mwalimu aliyekuwa akifunga madirisha hatua chache kutoka pale, lakini aliona haya, maana dakika chache tu zilizopita alikuwa amesema ameelewa.

"Vijiko kumi kwa ndoo," alimwambia mama.

"Una uhakika, mwanangu?"

"Mwalimu ameona."

Mwalimu hakuwa ameona chochote. Wiki nzima Loisi hakuweza kuusahau uongo huo. Alhamisi hii asubuhi alimkuta mama ameshaazima bomba la kupulizia kwa jirani, akamsikia akisema kwamba jua likipoa tu, ataanza kazi. Akaondoka bila kunywa chai.

Kwenye klabu, mwalimu alitaka mtu aeleze kinyume cha orodha. Macho yake yakamwangukia Loisi. "Chagua orodha yoyote."

Loisi alitembea hadi ubaoni. Namba zilizokuwa kichwani mwake ni zile zile. Akaandika tatu na nne, na chini yake theluthi na robo.

"Haya, tujaribu," mwalimu akasema. "Zidisha kila namba na iliyo chini yake, kisha jumlisha."

"Tatu mara theluthi ni moja. Nne mara robo ni moja. Jumla..." Akautazama tena ubao. "Jumla ni mbili."

"Na kinyume kinatakiwa kilete ngapi?"

"Moja."

"Basi hicho si kinyume cha orodha. Namba zote kwa pamoja zilete moja, si kila namba ijiletee moja yake. Zidisha tatu kwa tatu, na nne kwa nne, ujumlishe, unapata ishirini na tano. Gawa kila namba kwa ishirini na tano. Ndiyo hizo 0.12 na 0.16. Ukitumia theluthi na robo, jibu lako litakuja maradufu."

Maradufu. Loisi alirudi kukaa, akamwona mama kwa macho ya moyo akikoroga pipa. Aliogopa kuchekwa, aliogopa kuadhibiwa, lakini hofu ya tatu ilizipita zote mbili. Akanyanyuka.

"Mwalimu, mama anapulizia dawa. Mimi ndiye niliyempa hesabu. Nilimdanganya kwamba wewe umeiona."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alipiga namba ya mama Loisi. Simu ikaita hadi ikakata. Akachukua ufunguo wa pikipiki.

Njia nzima Loisi alikuwa akiomba Mungu. Walimkuta mama mwisho wa mstari wa kwanza, bomba mgongoni, kitenge kimefunika pua, macho mekundu, anakohoa.

"Mama, acha. Ni vijiko vitano, si kumi. Mwalimu hakuona, nilikudanganya."

Mama alitua bomba taratibu, akaenda kunawa uso na mikono kwa sabuni. Mwalimu akapiga hesabu upya mbele yao, akapata karibu tano. Walimimina nusu ya dawa kwenye pipa la pili, wakajaza yote mawili maji. Ule mstari wa kwanza Loisi aliuosha jani kwa jani. Jioni ile walimpeleka mama zahanati. Mganga alimsafisha macho, akampima kifua, akamwambia apumzike. Siku zilizofuata kikohozi kikatulia. Mstari mmoja wa zabibu uliungua kingo za majani; mingine yote, iliyopuliziwa dawa iliyopunguzwa makali, ilipona ukungu.

Kesho yake mama alimwita Loisi aketi karibu naye. Loisi alianza kulia kabla hajaambiwa kitu.

"Kutoelewa si kosa," mama alisema. "Mimi mwenyewe hesabu yenu siielewi mpaka sasa. Ungeniambia hujui, ningemngoja bwana shamba. Nilikuwa naiogopa dawa ile, mwanangu, na hofu yangu ilikuwa inanilinda. Uliposema mwalimu ameona, nikaacha kuogopa."