Begi la Fundi na Mfuko Usiofunguka

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kitu ambacho hakijashonwa. Kifungo kikilegea, atakishona mara mbili. Pazia likipepea, atalibana kwa uzi. Mkewe alizoea kumtania, "Nikilala mdomo wazi, na mimi utanishona?"

"Usinijaribu," Fundi alimjibu, huku mguu wake ukikanyaga cherehani.

Waliishi watu watatu bondeni, karibu na mto: Fundi, mkewe, na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na pumu. Alikuwa na ulimi pia. Fundi aliviogopa vyote viwili, lakini pumu aliiogopa zaidi.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita mto ulifurika ghafla, mchana kweupe. Wote wakatoka mbio, kila mtu na alichokishika. Fundi alitoka na pasi. Mkewe alitoka na kifuniko cha sufuria, bila sufuria. Pampu ya pumu ya mama mkwe ilibaki juu ya kabati. Walipofika kwenye shule ya mlimani, kifua kikambana. Akawa anavuta pumzi kwa shida, midomo imebadilika rangi, mpaka wauguzi wakafika na dawa. Fundi alisimama pale na pasi yake mkononi, analia kama mtoto.

"Safari hii, haki ya Mungu, hapana," aliapa. Mvua zilipokaribia tena, alikata turubai gumu, akashona begi la mgongoni.

Na begi lenyewe sasa! Lilikuwa na mifuko nje, mifuko ndani, na mifuko ndani ya mifuko. Akatia sufuria na kifuniko chake. Akatia maharage makavu, suti, na picha ya harusi na kioo chake. Pasi nayo hakuiacha. Mkasi wake wa kazi akaushonea ndani, pembeni, usije ukasombwa na maji. Mwisho akaichukua pampu ya mama mkwe, akaiweka kwenye mfuko wa ndani kabisa. Je, ikidondoka? Fundi hakutaka mchezo. Akaushona mfuko ule mdomo. Mshono wa kwanza, wa pili juu yake, na wa tatu wa kumalizia.

"Hapo haiendi popote," akasema, kifua mbele.

Jirani yao alikuwa mwanamke wa kikosi cha zimamoto. Mtaa mzima ulimwita Dada Zimamoto. Jioni ile alikuja kuchukua sare yake iliyokuwa inapunguzwa kiuno. Akaliona begi limekalia kiti peke yake.

"Shikamoo, mama," alimsalimu mama mkwe. Kisha akamgeukia Fundi. "Na huyu mgeni ni nani?"

"Begi la dharura hilo, dada. Mafuriko yaje tu!"

"Haya, yamekuja. Maji yako mlangoni. Toka!"

Fundi akaingiza mikono kwenye mikanda. Akajikaza, akasimama. Begi likamvuta nyuma. Akaanguka chali juu yake, miguu hewani, kama kobe aliyepinduliwa.

"Sasa maji yamefika kwenye kiti," Dada Zimamoto aliendelea, bila huruma.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe naye alicheka. Akakohoa, akacheka tena, kisha kicheko kikakatika. Kifua kikaanza kulia.

"Pampu!" mkewe akapiga kelele.

"Imo humu! Mfuko wa ndani! Ndani ya ule wa ndani!"

Sufuria ikaruka huku, pasi kule. Mkewe akaupata mfuko. Akavuta. Wapi!

"Umeushona? Mkasi uko wapi?"

Fundi akalionyesha begi. "Nao nimeushonea humo humo."

Hakungoja kutukanwa. Aliuvamia mfuko kwa meno. Maisha yake yote alijisifu kwamba mishono yake haifumuki, na kweli haikufumuka. Aling'ata, akavuta, akalia, akang'ata tena. Mwishowe uzi ukakatika. Mama mkwe akavuta dawa. Taratibu pumzi zikarudi.

Alipoweza kusema, alimtazama Fundi aliyejaa nyuzi mdomoni. "Mkwe wangu, kama umenichoka, si ungeniambia tu?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Nisamehe, mama. Niliogopa kuipoteza."

Dada Zimamoto akavuta kiti. "Fundi, begi la dharura si nyumba. Ni la kukuvusha siku chache mpaka msaada ufike. Ukishindwa kukimbia nalo, halifai."

"Na maharage?"

"Utayachemshia wapi, kwenye mafuriko? Beba chakula kinacholiwa hivyo hivyo. Biskuti, karanga. Na maji safi ya kunywa kwenye chupa."

"Picha ya harusi je?" mkewe akauliza.

"Itoe kwenye kioo. Itie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nakala za vitambulisho na namba za simu za ndugu. Simu ikizima, kichwani una namba ya nani?"

Mkewe akageuka. "Mume wangu, namba yangu unaijua?"

Fundi ghafla akaona suti inahitaji kukunjwa.

"Suti inabaki," Dada Zimamoto akasema. "Chukua nguo moja moja ya kubadilisha, na shuka jepesi. Sabuni na pedi. Tochi na betri zake. Filimbi pia, maana ukikwama utaita mpaka sauti ikauke. Na dawa, Fundi! Dawa inakaa mahali ambapo hata asiyeona ataipata. Kesho mwende kliniki mkaombe pampu ya pili. Moja akae nayo mama, moja ikae begini. Kila baada ya muda kagueni tarehe za dawa na chakula, mbadilishe."

Fundi alifumua begi lote. Akashona jipya, dogo, lenye mfuko mmoja tu upande wa nje. Mdomo wake aliufunika kwa kipande cha kitambaa, hakuweka hata kifungo. Mkono ulimwasha kushona, lakini akajizuia, akatia humo pampu ya pili waliyopewa kliniki. Begi likatundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Pasi ikarudi mezani.

Mvua zikaja. Siku moja asubuhi, tope lilipoanza kuingia uani, filimbi ya Dada Zimamoto ikasikika mtaani. Fundi akavaa begi. Mkewe akamshika mama mkono. Wakapanda mlimani bila kugombana, jambo ambalo kwao lilikuwa geni.

Njiani mama mkwe aliteleza, na pampu ya mkononi ikachukuliwa na maji. Walipofika shuleni kifua kikabana. Fundi alipeleka mkono nyuma, akafunua kitambaa, akatoa pampu. Mama akavuta dawa, akatulia. Hakuna aliyelia.

Baadaye, wakila biskuti, mama mkwe aliuchezea ule mfuko kwa vidole. Akaufunua, akaufunika, akaufunua tena.

"Mkwe wangu," akasema, "tangu umwoe binti yangu, leo ndiyo nimeona kazi yako nzuri."

"Ipi, mama?"

"Hapa ambapo hukushona."